Baada ya Matanga: Mwongozo wa Kumkumbuka Mama

Mauti yanapoingia katika nyumba ya Mkamba, iwe ni Mutomo au Mwingi katika upande wa Kitui, au Mbooni, Nunguni na Kathonzweni katika upande wa Makueni, kitu ambacho mfiwa hatakikosa ni watu. Watakuja majirani na wakwe, watakuja wanakwaya na sare zao na wanachama wa kikundi na daftari lao la michango. Kamati itaundwa jioni ya kwanza, mwenyekiti na mweka hazina watachaguliwa, tanzia itasomwa katika redio ya Musyi FM ili jamaa walio Mombasa na Nairobi wapate habari, na mpaka saa ya kuteremsha jeneza shambani hapatakuwa na wakati ambao sufuria haiko motoni. Ni jamala kubwa, wala sina neno la kuitia dosari, ila hili moja, kwamba ina mwisho, na mwisho wake huja alasiri ile ile ya mazishi, turubai zinapokunjwa na viti vya kukodi vinapopakiwa garini, na mtu aliyefiwa na mama ambaye alikuwa pia sahibu wake, aliyekuwa wa kwanza kupigiwa simu katika heri na katika shari, anapobaki na swali ambalo hakuna kamati iliyoundwa kulijibu: mama atakumbukwaje, na nani, na kwa jambo gani? Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Mwana wa Kitui aliyelifikiri jambo hili kuliko wengi wetu ni John Mbiti, kasisi na mwanazuoni aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Waafrika, kilichotoka mwaka 1969, alieleza kwamba kwa watu wa kwao marehemu haondoki mara moja: maadamu yuko duniani mtu aliyemjua kwa sura, na anayelitaja jina lake, marehemu huyo angali katika wakati ambao Mbiti aliuita Sasa, na siku anapofariki shahidi wa mwisho wa namna hiyo, ndipo marehemu anapozama katika Zamani, pamoja na wale ambao majina yao hayatajwi tena. Wako wanazuoni waliompinga Mbiti vikali, hasa juu ya maelezo yake ya wakati, na si lazima ukubaliane naye katika kila jambo ili uone faida ya kauli hiyo kwa kazi iliyo mbele yako. Ikiwa marehemu huishi katika vinywa vya waliomjua, basi hazina yako ni watu kabla ya kuwa kaburi au picha. Na watu hao ni wazee, wengi wao ni hirimu za mama yako au wamemzidi umri, nao pia wako njiani. Kwa hiyo shauri langu, na yote yatakayofuata ni tanzu zake, ni kuyatenda kwa haraka yale yanayotegemea uhai wa watu, na kuyatenda polepole yale yanayotegemea mawe, mbao na saruji. Aghalabu sisi hufanya kinyume: kaburi huwekwa vigae kabla ya mwaka kutimia, na rafiki aliyechunga mbuzi pamoja na mama utotoni huzikwa mwaka wa pili bila ya kuulizwa hata neno.

Anza, basi, na mashahidi. Keti na daftari uandike majina ya watu waliomjua mama nje ya umama wake, kwa sababu wewe ulimkuta akiwa mama tayari, na sehemu kubwa ya aushi yake, tena yenye mambo mengi, ilipita kabla hujazaliwa au hujapata akili. Watakuwamo ndugu zake wa tumbo moja. Atakuwamo mwanamke aliyeolewa katika kijiji kimoja naye msimu ule ule, wakawa wageni wawili katika kilima kisicho chao. Watakuwamo wale aliosuka nao vyondo alasiri chini ya mwembe, waliosimama karibu naye katika kwaya, na mwenye duka aliyempa unga kwa mkopo katika miezi ya njaa, ambaye yamkini anajua siri za nyumba yenu kuliko unavyozijua wewe. Majina hayo yapange kwa umri na kwa siha, wala si kwa ukaribu wa udugu, uanze na aliye mkongwe zaidi au aliye mgonjwa.

Ukifika kwake, fika kama mtoto wa nyumba na si kama karani wa sensa. Chukua sukari na majani ya chai, kwa kuwa ndivyo anavyotembelewa mzee, si kwa kuwa unanunua maneno yake. Piga hodi, uamkie, uketi unapoonyeshwa, na simu ya kurekodia isitoke mfukoni mpaka chai imenyweka na ruhusa imeombwa. Nenda peke yako au na mtu mmoja, kwa maana mbele ya umati mzee huhutubu, na hotuba ulikwisha kuisikia siku ya mazishi. Lugha nayo ina uzito wake: bibi wa Kyuso au wa Kilungu atakupa Kiswahili kwa heshima, lakini mizaha na utani wa ujana wake umo katika Kikamba, mwache aseme kama alivyozoea, hata ikiwa wewe umelelewa Nairobi na unaokota neno moja moja, kisha ukae na shangazi au binamu aliyebaki nyumbani mfasiri pamoja.

Ama maswali yenyewe, usimwulize mama alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu utajibiwa kwamba alikuwa mwema, mcha Mungu na mkarimu, maneno ambayo husemwa juu ya kila marehemu na hayamtambulishi mtu yeyote. Uliza kazi, na sifa zitatoka zenyewe. Uliza walikwenda kuteka maji wapi kabla ya bomba au kisima, na waliondoka nyumbani saa ngapi. Uliza nani aliingia katika shimo la mchangani kuchota na nani alibaki juu kupokea kibuyu, wakati mto wa Tiva au Thua umekauka na maji yamejificha chini ya mchanga. Uliza nani alimfundisha kusuka, na alianza na umbo gani, na kiondo chake cha kwanza kiliuzwa au kilichekwa. Uliza alikosana na nani, walipatanaje, na nani alikwenda kwanza kwa mwenziwe. Uliza alichokuwa hakipendi kula. Hakuna anayeuliza hilo, na majibu yake ni matamu. Uliza alitaka kuwa nani kabla hajaolewa. Swali hili la mwisho liweke mwishoni, na ukiona shahidi ananyamaza, mwachie kimya chake, usimsaidie kujibu.

Kama mama alikuwa katika mwethya, yaani kile kikundi cha kazi ya pamoja ambacho Wakamba wamekuwa nacho tangu kabla ya serikali za kisasa, basi tafuta daftari la kikundi. Utakuta humo siku alizohudhuria, faini alizotozwa kwa kuchelewa, fedha alizokopa na ada ya shule aliyolipia kwazo, na huenda ukakuta kwamba ile karo ya muhula wako wa pili wa kidato cha kwanza, uliyodhani imetoka kwa mjomba, ilitoka katika mkopo wa akina mama wenzake. Katika sehemu za Ukambani vikundi hivi ndivyo vilivyojenga mabwawa ya mchanga, yale ambayo kikundi cha Utooni, kwa uongozi wa Joshua Mukusya, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake tangu mwaka 1978, ambapo ukuta wa mawe hujengwa kukata mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na maji yahifadhike ndani ya mchanga huo, mbali na jua. Mawe ya kuta hizo hayakwenda mtoni yenyewe. Mengi yalibebwa na wanawake. Ikiwa mama yako alikuwa mmojawapo, wapeleke wajukuu wakauone ukuta.

Utakwama kwenye tarehe, na kukwama huko kusikukatishe tamaa. Wengi wa mama zetu walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, na mwaka ulio katika vitambulisho vyao ni makisio ya karani aliyewatazama uso na kuandika. Walakini Ukambani ina kalenda nyingine, ambayo mvua na njaa ndizo zilizoiandika, kwa kuwa watu wa huku huzipa njaa zao majina. Iko Ngomanisye ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo bibi zetu waliisikia kwa bibi zao; iko Yua ya Ndeke ya mwaka 1961, chakula kilipoangushwa kwa ndege; iko Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, ambapo mtu aliweza kushika fedha mkononi na asipate cha kununua. Basi badala ya kuuliza mama alizaliwa mwaka gani, uliza ndege zilipoleta chakula yeye alikuwa msichana wa kuchunga au alikuwa ameolewa, na mtoto aliyekuwa mgongoni wakati ule ni nani. Uliza kama wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliohamia Makueni kutoka milima iliyojaa watu, serikali ya kikoloni ilipofungua makazi mapya katika miaka ya 1940; uliza kama babu yake alikuwa na ng'ombe mwaka 1938, mifugo ya Wakamba ilipokamatwa na Muindi Mbingu akawaongoza watu mpaka Nairobi kudai haki yao. Uliza alikuwa wapi jua lilipopatwa mwezi wa Februari 1980, au Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978. Kwa kulinganisha majibu mawili au matatu utaupata mwaka wa kweli kuliko ule wa karani. Na vitabu vya kanisa visisahauliwe: wamisionari wa Africa Inland Mission waliweka kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895, parokia za Kikatoliki huweka rejista za ubatizo na ndoa, na katibu wa kanisa akiombwa kwa upole aghalabu hukubali kufungua kabati.

Juu ya karatasi sitakuwa na maneno mengi. Sheria ya Kenya yataka kifo kiandikishwe, na kikipita miezi sita huhesabiwa kuwa kimechelewa na masharti huongezeka. Kifo cha nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu, na cha hospitalini huanzia huko huko. Hayo kamati itakukumbusha. Lisilokumbukwa ni kwamba kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini, kwa hiyo kipige picha pande zote mbili kabla ya kukitoa. Wanawake wa Kenya hawakuandikishwa kwa vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, na kwa mama ambaye hakuwa na desturi ya kwenda studio, sura ile ndogo huenda ikawa ndiyo picha pekee aliyopigwa katika umri wa makamo. Picha zilizotundikwa ukutani, ambazo joto na moshi vimezigandisha kwenye kioo, usizibandue. Zipige picha zikiwa ndani ya fremu, kwenye kivuli, bila mwanga wa kamera. Na simu yake usiitie kapuni wala usimpe mjukuu achezee: jumbe za sauti alizokutumia zihamishe zikae mahali pawili au patatu, kwa maana simu huibwa, huanguka majini, na laini isiyotumika kwa muda huweza kupewa mtu mwingine. Ile sauti yake ya kukuuliza kama umekula, ambayo ulikuwa ukiifungua kwa haraka ukiwa ndani ya matatu, sasa ina thamani kuliko picha zote za ukutani.

Ukisha kukusanya, andika. Najua kwamba wasifu wa mama ulikwisha kusomwa siku ya mazishi na kuchapwa katika kijitabu chenye picha ya rangi. Lakini wasifu huo uliandikwa usiku mmoja na watu waliochoka, na nyingi za wasifu za namna hiyo zinafanana kama punje za mahindi: alizaliwa, alisoma mpaka darasa fulani, aliolewa, akajaliwa watoto kadha, aliugua kwa muda mfupi, akalala. Unaotakiwa sasa ni wasifu wa pili, ulioandikwa kwa utulivu na kwa insafu. Shaaban Robert alipotunga wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, hakumchagua binti wa sultani. Alimchagua mwanamke wa nyumba maskini ambaye katika ujana wake alikuwa akiuza vyungu, akampa heshima ya kitabu. Mama yako naye anastahiki kurasa ishirini. Andika alivyotembea, alivyoita kuku, alivyohesabu fedha mara mbili kisha akazifunga katika ncha ya leso. Na kama alikuwa na ulimi mkali, aandikwe na ulimi wake, kwa sababu mtu aliyeondolewa makosa yote huwa hatambulikani hata na waliomzaa. Lililo siri ya mtu mwingine aliye hai liache. Lililo la kumhukumu baba lipime mara saba, na pengine mara ya saba utaliacha.

Sura moja ya wasifu huo iwe ya maagizo yake. Katika pwani yetu Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi mzima wa mausio, na mpaka leo utendi huo unasomwa. Akina mama wetu wa Kitui na Makueni hawakuacha mausio yao katika beti. Waliyaacha katika sentensi fupi fupi za jikoni na shambani, zilizorudiwa kila siku mpaka masikio ya watoto yakachoka kuzisikia: usimalize mbegu yote, usipite kwa mtu anayekula bila kusalimu, usikope kwa mtu anayesemasema. Waite ndugu zako, kila mmoja aandike peke yake yale anayoyakumbuka, kisha mlinganishe. Mtashangaa kuona kwamba kila mtoto aliagizwa jambo lake. Kitabu kikiwa tayari, kipeleke saiba ya Wote au ya Kitui, kichapwe nakala za kutosha kila nyumba, na kama inawezekana kiwe na sehemu ya Kikamba, ili mashahidi walioyasema maneno hayo wasomewe nao wasahihishe.

Kuna ukumbusho mwingine ambao huna haja ya kuugharimia, kwa kuwa mama alikwisha kuupata katika uhai wake. Kwa desturi ya Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na binti anayefuata hupewa la mama wa mama yake, hata bibi akiwa hai. Kwa hiyo yawezekana kwamba hivi sasa wako wajukuu wawili, watatu au zaidi wanaoitwa jina lake, mmoja Emali, mmoja Nairobi, na mmoja pengine amezaliwa Dallas au Riyadh, ambako wazazi wamekwenda kutafuta. Mwanamume aliyempa bintiye jina la mama yake humwita mtoto huyo mwaitu, mama yangu, na humfanyia upole ambao hamfanyii mwingine. Desturi hii ni kongwe kuliko misalaba ya saruji: zamani za kabla ya wamisionari si kila mtu aliyezikwa, na jina ndilo lililobeba kazi ambayo leo tunalitwika kaburi. Waite hao wenye jina lake, ikiwezekana siku moja na mahali pamoja, uwasimulie waliyempokea ni nani. Wape kila mmoja kitu chake kimoja, kitambaa cha kochi alichokishona, kibuyu, Biblia ya Kikamba yenye kalamu yake pembezoni. Lakini usimtwike mtoto mzigo wa kuwa bibi yake. Si haki kumwambia msichana wa miaka tisa, kila akikosea, kwamba mwenye jina asingalifanya hivyo.

Sasa twende shambani, mahali ambapo mimi naona mama wengi wa Ukambani wameandika zaidi kuliko popote. Tazama mteremko wa shamba lenu: ile mistari ya matuta ya fanya juu, ambayo udongo hurushwa upande wa juu ili maji ya mvua yasimame yasichukue rutuba, ilichimbwa kwa jembe na sepetu, mwaka baada ya mwaka, na katika nyumba nyingi ambazo baba alikuwa kazini Nairobi au Mombasa, aliyeichimba ni mama na wenzake wa mwethya. Watafiti walioichunguza wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992, walitangaza mwaka 1994 kwamba nchi ambayo wakoloni katika miaka ya 1930 waliihesabu kuwa inakufa kwa mmomonyoko ilikuwa imepata nafuu, ilhali watu wake wameongezeka mara nyingi. Kazi hiyo ina wenyewe, na mama yako huenda akawa mmoja wao. Basi kabla hujafikiria vigae vya kaburi, tembea juu ya matuta yake ukaone yaliyobomoka. Yazibe, panda nyasi katika kingo, safisha mfereji, na kazi hiyo iishe kabla ya mvua za vuli kuanza mwezi wa Oktoba, kwa sababu mvua hizo ndizo tegemeo la Kitui na Makueni kuliko zile za masika.

Ukitaka kupanda mti kwa jina lake, panda mti wa nchi hii. Mukau huvumilia ukame, hutoa mbao nzuri, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yenye kituo Kitui, imeushughulikia kwa miaka mingi. Nunua mche, usihangaike na mbegu, kwa maana mbegu ya mukau ni ngumu kuota. Mkwaju ni mzuri kwa kivuli na kwa subira. Mwembe wa kupandikiza nao si vibaya, hasa kwa watu wa Makueni, ila ujue kwamba mwembe unadai dawa na soko, na ukumbusho unaodai dawa kila msimu hugeuka kuwa shughuli. Chimba shimo mapema, changanya udongo wa juu na samadi ya mbuzi, panda mvua zikikolea, na siku hiyo hiyo uzungushie miiba, kwa sababu mbuzi wa Ukambani hana habari na marehemu.

Kama ameacha kiondo ambacho hakijakamilika, na wengi huacha, usikimbilie kukimaliza wala kukitundika ukutani. Mpelekee yule aliyekuwa akisuka naye, umwoneshe, umwulize yeye angelipenda kifanyweje. Akisema ataendeleza pale mwenzake alipoachia, mpe na katani iliyobaki. Mkono wake utaonekana tofauti kidogo na wa mama, mshono utabadilika, na kwa rai yangu hakuna sanamu ya mchongaji inayokaribia kitu hicho kwa ukweli.

Lipo jambo ambalo huharibu kumbukumbu ya mama kuliko usahaulifu, nalo ni ugomvi wa mirathi, hivyo lizungumzeni mapema wakati machozi yangali yanawaheshimisha. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haiwabagui mabinti: mama asiyeacha wosia wala mume, mali yake hugawanywa sawasawa kwa watoto, waume kwa wake, walioolewa na wasioolewa, na baba akiwa hai ana haki zake za kuitumia mali hiyo katika maisha yake. Kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi hakuna aliyeruhusiwa kuuza shamba wala kuhamisha chochote, na hati hiyo kwa kawaida huthibitishwa miezi sita baada ya kutolewa. Anzeni kwa barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na atakayependekeza kwamba dada aliyeolewa Machakos aachwe nje ya barua hiyo, aambiwe hapana pale pale. Vyombo vya ndani, ambavyo sheria haina haja navyo sana, ndivyo vyenye uchungu zaidi. Gawaneni kwa zamu, mdogo akianza kuchagua.

Ama siku za ukumbusho, kila dini imekwisha kupanga zake: Wakatoliki wana misa ya marehemu wote tarehe 2 Novemba, Waislamu wa mji wa Kitui wana arobaini na hitima, na makanisa mengine hufanya ibada baada ya mwaka. Fuata ya kwenu. Ila siioni hekima ya karamu ya kila mwaka yenye turubai na vipaza sauti, ambayo watoto wenye uwezo mdogo hulazimika kuikopea. Hiyo ni israfu, na aliyekuwa akifunga shilingi katika leso asingaliipenda.

Limebaki lile la urafiki, ambalo halina idara wala ibada. Mtu aliyempoteza mama aliyekuwa rafiki yake huhuzunika mara mbili, na ile huzuni ya pili watu hawaioni: kwamba hakuna tena wa kumpigia simu saa mbili za usiku kumwambia habari isiyo na maana. Wengine huendelea kuzungumza naye kimoyomoyo wakiwa jikoni, na sioni ubaya wowote. Wengine humwandikia barua katika daftari. Ikiwa usingizi na chakula vinakukataa kwa majuma mengi, na kazi haishikiki, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo kwa maneno ya wazi, kama ambavyo ungesema unaumwa na kichwa. Lakini kwa watu walio wengi dawa iliyo karibu zaidi ni wale marafiki wa mama wenyewe, ambao nao wamefiwa na hakuna aliyewapa pole, kwa sababu taazia zote zilikwenda kwa watoto. Yule bibi uliyemwendea kwa ajili ya wasifu usimwache ukisha kupata ulilolitaka. Mama alikuwa akimpelekea kunde za kwanza za msimu au kibaba cha ndengu, mpelekee wewe. Akiugua, nauli ya kumfikisha hospitali ya Kitui au Makindu iwe ni deni lako pia. Umsomee kurasa zake, umwache akukosoe. Desemba watu wote wa mjini hurudi nyumbani, na mabaraza hujaa wageni mpaka mzee hapati nafasi ya kusema. Nenda mwezi wa Februari, wakati hakuna anayekuja.